Wageni na Wenyeji: Seli za Kinga Ndani ya Kidonda cha Ubongo



Nitazungumzia maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kuanzia sasa nitauita MS kama wanavyouita wagonjwa wenyewe. Shirikisho la Kimataifa la MS linakadiria kuwa watu milioni 2.9 duniani wanaishi nao. Wengi huanza kuugua wakiwa na umri kati ya miaka 20 na 40, na wanawake ni angalau mara mbili ya wanaume. Ni ugonjwa unaomkuta mtu akianza kazi, akilea watoto wadogo, akijenga. Leo naomba tuingie ndani ya kidonda chenyewe, pale ubongoni, tuulize: ni seli gani zimefika hapa, zimetoka wapi, na zinafanya kazi gani? Majibu yake ndiyo yanayotueleza kwa nini dawa zetu zinafaa sana katika nusu ya kwanza ya ugonjwa huu na kushindwa katika nusu ya pili.

Mwaka 1868, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, Jean-Martin Charcot alikuwa akiwapima wanawake walioishi hospitalini humo, anaandika dalili zao, na wanapofariki anaufungua ubongo na ugwe mgongo na kulinganisha alichokiandika na anachokiona. Alikuta mabaka ya kijivu, magumu, yametawanyika bila mpangilio. Wachoraji wa magonjwa Jean Cruveilhier na Robert Carswell walikwisha kuyachora mabaka kama hayo miaka ya 1830, ila Charcot ndiye aliyeyafunga pamoja na dalili za mgonjwa aliye hai na kuufanya uwe ugonjwa mmoja wenye jina. Chini ya hadubini aliona jambo kubwa: nyuzi za neva zilikuwa bado zipo, nyingi zake, lakini zilikuwa uchi.

Nyuzi hizo huitwa aksoni. Nyingi katika ubongo zimevikwa ngozi ya mafuta iitwayo mayelini, ambayo seli zinazoitwa oligodendrosaiti huizungusha tabaka juu ya tabaka. Uzi mnene wenye ngozi hiyo unaweza kupeleka ujumbe kwa kasi ya zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba zisizo nayo hupeleka ujumbe mita moja au mbili tu kwa sekunde. Mayelini ikibanduka kwenye neva ya jicho, jicho moja huingia ukungu na kuuma linapogeuzwa. Ikibanduka kwenye ugwe mgongo, miguu hufa ganzi na mkojo haushikiki. Ikibanduka kwenye shina la ubongo, mtu huona vitu viwili viwili. Kwa hiyo wagonjwa wawili wa MS wanaweza wasifanane hata kidogo, na hiyo ni sababu mojawapo ya wengi wao kuzungushwa miaka mingi kabla ya kuambiwa wanaumwa nini.

Dokezo la kwanza kuhusu mhusika lilikuwa mahali penyewe. Mjerumani Eduard Rindfleisch aliandika mwaka 1863 kwamba katikati ya baka kuna mshipa wa damu. Mwaka 1916, mjini Edinburgh, James Dawson alikata ubongo wa wagonjwa vipande vyembamba mno na kuonyesha mabaka yakifuata vena ndogo, yakichongoka kutoka kwenye vyumba vya maji vya katikati ya ubongo. Wataalamu wa MRI hadi leo huyaita vidole vya Dawson. Pembeni ya vena hizo zilijazana seli ambazo si za ubongo. Zilikuwa chembechembe nyeupe zilizotoka kwenye damu.

Hawa ndio nitakaowaita wageni. Baadaye nitawaleta wenyeji.

Wageni wanaojulikana zaidi ni seli T. Mtu wa Afrika Mashariki aliyewahi kumsindikiza ndugu kliniki ya VVU anaijua CD4: ni kundi la seli T ambalo VVU huliangamiza, na likipungua mwili hukosa ulinzi. Katika MS seli hizohizo zimekuwa watuhumiwa wa kwanza kwa miongo mingi, na kisa chake kinaanzia kwenye chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ya Louis Pasteur, iliyotumika kwa mtu mwaka 1885, ilitengenezwa kwa ugwe mgongo wa sungura. Iliokoa watu wengi, lakini wachache miongoni mwa waliochanjwa walipooza. Je, walipoozeshwa na kichaa cha mbwa, au na ule ugwe wa sungura? Mwaka 1933 Thomas Rivers na wenzake wa Taasisi ya Rockefeller, New York, waliwadunga kima ubongo wa sungura wenye afya, tena na tena. Baadhi ya kima walidhoofika viungo, na ubongoni mwao kulikuwa na seli zilizojazana kando ya mishipa ya damu na mayelini iliyopotea. Hapakuwa na kijidudu. Kinga ya kima, iliyofundishwa kuuona ubongo wa sungura kuwa adui, iligeukia ubongo wa kima mwenyewe. Mwaka 1960 Philip Paterson aliuhamisha ugonjwa huo kutoka panya mmoja hadi mwingine kwa kuhamisha seli za tezi za limfu peke yake.

Tangu hapo maabara za dunia zilijaa panya waliofanywa waugue, na kwa panya hao mkosaji mkuu ni seli T za CD4. Nasema kwa heshima yote kwa waliofanya kazi hiyo: tuliwaamini panya mno. Ukihesabu seli T ndani ya vidonda vya binadamu, zile za CD8, zenye uwezo wa kuua seli nyingine kwa kuigusa, ni nyingi kuliko za CD4. CD4 zina sehemu yake, hasa katika kuwasha moto na kuwaita wengine. Lakini anayekutwa ndani ya kidonda kwa wingi ni CD8, na utafiti ulichelewa kumtazama.

Wageni hawa huingiaje? Kuta za mishipa ya damu ya ubongo zimebana kuliko za sehemu nyingine za mwili, na seli nyeupe haipenyi hivihivi. Inahitaji kunata kwanza kwenye ukuta, na hutumia protini iliyo juu yake iitwayo integrini alfa-4. Dawa ya natalizumabu huifunika protini hiyo, seli ikateleza na kuendelea na safari yake ndani ya damu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006 dawa hii ilipunguza mashambulio ya ugonjwa kwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza. Huo ulikuwa ushahidi wa wazi kabisa, kwa binadamu, kwamba kuingia kwa wageni ndiko kunakozaa shambulio.

Lakini dawa hiyohiyo ilitufundisha na upande wa pili. Iliidhinishwa Marekani Novemba 2004, ikasimamishwa Februari 2005, kwa sababu baadhi ya waliotumia walipata maradhi mabaya ya ubongo yanayoletwa na virusi vya JC. Watu wazima wengi wanavyo virusi hivi mwilini na havina madhara kwao, kwa kuwa seli T hupita ubongoni zikivizuia. Zikifungiwa mlango, virusi hupata nafasi. Dawa ilirudishwa mwaka 2006 kwa masharti makali ya kupima na kufuatilia. Mwanafunzi wa tiba asilisahau hili: seli inayokula mayelini ya mgonjwa wako ni ya jeshi lilelile linalomlinda.

Sasa nifike kwenye seli B, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu kisa chake kinapita Kampala.

Seli B ndizo zinazozaa viwanda vya kingamwili. Tangu mwaka 1942 Elvin Kabat alionyesha kuwa maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa MS yana kingamwili zilizozidi, na hadi leo tunavuta maji hayo kutafuta alama hiyo. Hata hivyo wengi walidhani seli B ni wasindikizaji tu. Mwaka 2008 kundi la Stephen Hauser wa San Francisco lilichapisha jaribio dogo la wagonjwa 104, waliopewa ama rituximabu, dawa ya saratani ya limfu inayofuta seli B kwenye damu, ama maji yasiyo na dawa. Vidonda vipya vilivyong'aa kwenye MRI vilipungua kwa asilimia 91. Na vilipungua ndani ya wiki chache, wakati kingamwili zenyewe zilikuwa hazijashuka, kwa maana rituximabu haigusi seli zilizokwisha komaa za kuzitengeneza. Tafsiri yake ni kwamba seli B haidhuru kwa kingamwili peke yake. Hukaa na seli T, huionyesha vipande vya protini, huichochea. Ukiiondoa seli B, seli T hupoa. Kutokana na hilo dawa ndugu yake, okrelizumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017.

Kwa nini seli B? Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya unaokua kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili walifunga safari kwa gari ya kilomita zipatazo 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali hadi hospitali uvimbe huo unapatikana wapi. Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein, aliyeshawishika kwamba kuna virusi nyuma ya saratani hiyo. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakuona kitu. Desemba 1963 ukungu uliizuia ndege kutua London, ikapelekwa Manchester, na sampuli ilipomfikia jioni maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angeimwaga. Epstein aliitazama kwa hadubini akaona uchafu ule ni seli hai za uvimbe zilizojitenga na kuelea. Zilikubali kukuzwa maabara, na Machi 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza virusi vipya ndani yake. Ndivyo virusi vya Epstein-Barr vilivyopatikana, kwenye mwili wa mtoto wa Uganda, na makao yake ya maisha ni seli B.

Miaka 58 baadaye, Januari 2022, kundi la Alberto Ascherio wa Harvard lilitoa matokeo yaliyotokana na sampuli za damu za zaidi ya wanajeshi milioni 10 wa Marekani. Katika watu 801 waliopata MS na ambao damu yao ilikuwapo ya kupimwa, ni mmoja tu aliyekuwa hajaambukizwa virusi hivi kabla ya ugonjwa kuanza. Baada ya kuambukizwa, hatari ya kupata MS ilipanda mara 32. Mwezi huohuo watafiti wa Stanford walionyesha kwamba protini moja ya virusi hivi inafanana kwa kipande na protini ya seli za ubongo, na kwamba baadhi ya wagonjwa wa MS wana kingamwili zinazozishika zote mbili.

Mtauliza: kama zaidi ya watu tisa kati ya kumi duniani wana virusi hivi, na huku kwetu watoto huvipata wakiwa wadogo sana, mbona MS ni adimu kwetu na nyingi kule Ulaya ya kaskazini? Virusi ni sharti, havitoshi peke yake. Pana urithi, hasa jeni inayoitwa HLA-DRB1*15:01. Pana jua na vitamini D. Na pana umri wa kuambukizwa, kwani anayevipata akiwa kijana na kuugua homa ya tezi ana hatari kubwa zaidi ya MS kuliko aliyevipata utotoni bila dalili. Nami naongeza sababu nyingine ambayo haitoki kwenye biolojia: penye mashine chache za MRI na madaktari wachache wa neva, MS haionekani hata ikiwepo.

Turudi kidondani. Baada ya seli T na B kufungua njia huja walaji, makrofeji, kutoka kwenye damu. Wao ndio wengi kuliko wote katika kidonda kibichi. Huibandua mayelini na kuimeza, na ukizipaka rangi ya mafuta utaziona zimejaa matone. Rahisi kuzihukumu. Lakini majaribio ya panya yameonyesha kuwa vifusi vya mayelini vikiachwa, oligodendrosaiti changa hazikomai na ngozi mpya haitengenezwi. Ubongo una uwezo wa kujivika upya, na katika baadhi ya wagonjwa mabaka mazima yamevikwa ngozi mpya, nyembamba kidogo kuliko ya awali. Makrofeji iliyobomoa ndiyo inayosafisha ili ujenzi uanze. Kwa hiyo sikubaliani na wanaozungumza kama vile lengo letu liwe kuzinyamazisha seli zote za kinga ndani ya kidonda. Ukizinyamazisha zote, umezuia na uponyaji.

Na je, tuna hakika kwamba daima wageni ndio wanaoanza? Mwaka 2004, mjini Sydney, Michael Barnett na John Prineas walichunguza vidonda vichanga mno, kimojawapo cha msichana wa miaka 14 aliyefariki saa chache baada ya shambulio. Katika vidonda hivyo oligodendrosaiti zilikuwa zimeanza kufa na seli T zilikuwa karibu hazipo. Mikroglia tu, seli za kinga za ubongo wenyewe tutakazozifikia punde, zilikuwa zimeamka. Wengine, akiwemo Hans Lassmann wa Vienna, wametetea kwamba uvimbe wa kinga unaambatana na ugonjwa katika hatua zake zote. Mimi naelekea upande wa Lassmann, kwa sababu dawa za kuzuia wageni zisingefanya kazi kwa kiwango hicho kama wageni wangekuwa wanafuata tu. Ila vidonda vya Sydney vinatuzuia kujiamini kupita kiasi.

Mwaka 1998 Bruce Trapp wa Cleveland alibadilisha uelewa wetu wa madhara. Ilifundishwa kuwa MS huvua mayelini na kuziacha aksoni. Trapp alizihesabu aksoni zilizokatika, akapata zaidi ya 11,000 katika kila milimita ya ujazo ya kidonda kibichi. Katika ubongo wenye afya ni chini ya moja. Aksoni ya ubongo ikikatika haiungiki. Na hukatika tangu miaka ya mwanzo, wakati mgonjwa bado anapona kila shambulio na ndugu zake wanasema amepata nafuu.

Sasa niwalete wenyeji. Mikroglia zilitambuliwa na Mhispania Pío del Río Hortega mwaka 1919. Ni seli za kinga, ila hazitoki kwenye uboho wa mifupa kama zile za damu. Huingia ubongoni mimba ikiwa changa sana na kuishi humo, zikijizaa zenyewe kwa zenyewe. Katika ubongo wenye afya hupapasa mazingira yake mchana na usiku na kufagia uchafu. Katika MS ya muda mrefu kidonda chaweza kuonekana kimetulia katikati, wageni wamekwisha kuondoka, kumbe pembeni pamebaki pete ya mikroglia na makrofeji zilizojaa madini ya chuma, zinaendelea kuuma taratibu kuelekea nje. Vidonda hivi hupanuka mwaka hadi mwaka. Chuma hicho huonekana kwenye MRI yenye uwezo kama duara jeusi, na mwaka 2019 Martina Absinta na wenzake wa Bethesda, Marekani, walionyesha kuwa wagonjwa wenye vidonda vinne au zaidi vya namna hiyo hufikia ulemavu wa viungo na wa kumbukumbu wakiwa na umri mdogo zaidi.

Hapa ndipo penye jibu la swali langu la mwanzo. Karibu dawa zote tulizo nazo huwapiga wageni: huwafuta, huwafungia mlango, au huwazuilia kwenye tezi. Wenyeji wako upande wa pili wa ukuta, na dawa nyingi kati ya hizo hazifiki. Mgonjwa hukaa miaka bila shambulio hata moja, MRI haina kidonda kipya, na bado kila mwaka anatembea umbali mfupi kuliko mwaka uliopita. Hajazembea kutumia dawa, wala daktari wake hajakosea kipimo. Ni pete ile. Tolebrutinibu, kidonge kinachopenya hadi ubongoni na kugusa mikroglia, kilipunguza hatari ya ulemavu kuendelea kwa asilimia 31 katika jaribio lililochapishwa mwaka 2025 kwa wagonjwa wasio na mashambulio tena. Kinaweza kudhuru ini na si tiba kamili. Lakini kimeonyesha kuwa wenyeji nao wanafikika.

Mpaka hapo, wakati wetu mzuri ni mwanzoni, wageni wanapotawala na pete bado ni chache. Ndiyo maana nina maombi kwa vijana mtakaokaa kwenye vyumba vya kuwapima wagonjwa.

Akija binti wa miaka 28 ambaye jicho lilipoteza nuru wiki mbili likarudi, au miguu ilikufa ganzi ikapona, msimpe vitamini na kumrudisha nyumbani. Muulizeni kama limewahi kutokea jambo jingine mwaka juzi. Ombeni MRI ya ubongo na ya ugwe mgongo. Fikirieni pia ugonjwa pacha, nyuromielitisi optika, ambao kwa watu wenye asili ya Afrika una uzito wa pekee. Humo kingamwili hushambulia seli za ubongo ziitwazo astrosaiti, na baadhi ya dawa za MS, kama vile interferoni beta na natalizumabu, huufanya uwe mbaya zaidi. Rituximabu husaidia magonjwa yote mawili.

Na kuhusu rituximabu: Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS. Ni dawa ambayo wodi za saratani zimeizoea. Nawaomba wanaopanga bajeti za dawa waiongeze kwa wagonjwa wa neva, na bima za afya zikubali kuilipia tangu shambulio la kwanza, bila kusubiri mgonjwa ashike fimbo.